Ndimu Tamu na Mguu wa Mama

Mama yangu Kulthumu akikuambia "karibu chai," usikatae. Hata kama umeshiba. Hata kama unakimbilia soko la Baraka. Ukikataa, atakukumbusha mwaka mzima.

Nyumba yetu iko karibu na ziwa. Asubuhi mimi natandaza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani, mama anawasha mbabula, jiko letu la makaa. Baba yangu, Zuberi, akirudi na mtumbwi wake anakuta birika limechemka. Kila kikombe kinapata vijiko vinne vya sukari. Kikombe cha mama kinapata sita.

"Mama Jamila," majirani wanamtania, maana Jamila ni mimi, "kwa chai yako kijiko kinasimama wima!"

"Kwa bachoyo ndiyo kinaanguka!" mama anawajibu.

Siku moja mwiba wa samaki ulimchoma mama chini ya mguu wa kulia. Kilikuwa kidonda kidogo tu, kama punje ya mahindi. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Kidonda hakikukauka, kilipanuka. Mama akaanza kutembea kwa kisigino. Tena alikuwa anakunywa maji sana na kwenda chooni kila mara. Mimi niliona yote hayo. Nikamshika mkono, tukaenda kituo cha afya.

Muuguzi pale anaitwa Pulchérie. Alimchoma mama kidogo kwenye kidole. Akaweka tone la damu kwenye kamashine kadogo ka kupimia. Akatazama namba, halafu akatazama mguu.

"Mama Jamila, sukari iko mingi kwa damu yako. Ni ugonjwa wa sukari. Ndiyo maana kidonda kinakataa kukauka."

"Kwa damu? Mi natiaka sukari kwa kikombe, sitiaki kwa damu!"

"Vile unakula na kunywa, mwisho vinafika kwa damu, mama. Na mwili yako haiwezi tena kuipanga hiyo sukari vizuri. Kunywa hivi vidonge kila siku. Osha kidonda. Chai bila sukari, uji bila sukari. Bila vile, muguu inaweza kuoza, na munganga wa hospitali ataikata."

Mama alicheka. Pulchérie hakucheka.

Siku tatu mama alijikaza. Siku ya nne akasukuma kikombe.

"Hii haiko chai. Ni maji ya kuosha masufuria!"

Uji nao akausukuma. Alikula kidogo sana. Halafu, ghafla, akaacha kulalamika. Mama yangu, kutolalamika? Nikajua kuna jambo. Nikaanza kuangalia polepole. Nikaona mstari wa sisimizi unapanda kitanda chake. Niliufuata kwa macho mpaka kwenye mto. Chini ya mto kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo. Nilifungua. Sukari!

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya kutega sisimizi."

Nilitaka kucheka, lakini machozi yalitangulia. "Mama, bakikata muguu yako, utafanya nini?"

Mama aliketi kitandani. "Najua, mwanangu. Mi sitaki kufa, sitaki na muguu bakate. Lakini chakula yote imekuwa kama kuni kwa kinywa changu. Nitakula nini?"

Hapo tukasikia hodi nje.

Alikuwa Éliezer, tunamwita Baba Ishema. Alishuka kutoka milimani miaka mingi iliyopita. Sasa ana ng'ombe wawili na bustani ya miche karibu na mto Mutambala. Anauza maziwa ya kuganda mlango kwa mlango.

"Maziwa, Mama Jamila?"

"Maziwa yako iko chachu, Baba Ishema. Na mi banikataza sukari. Pita tu."

Nilimweleza habari zote. Alisikiliza, halafu akatia mkono mfukoni. Akatoa matunda madogo mekundu, kama kahawa iliyoiva mtini.

"Tia moja kwa kinywa," alisema. "Usimeze haraka. Zungusha nyama yake kwa ulimi, pole pole. Mbegu uteme."

Mama alifanya hivyo. "Haina ladha ya maana," alisema.

"Bado. Jamila, leta ndimu."

Nilikata ndimu. Mama alifunga macho na kukunja uso kabla hata ya kuilamba. Akailamba. Akafungua jicho moja. Akalamba tena. Akafungua la pili.

"Jamila! Umetia asali kwa hii ndimu!"

"Hapana, mama! Nimeikata sasa hivi, mbele yako!"

"Weee!" Alikula ndimu ile mpaka ganda. Akanywa maziwa ya kuganda. "Tamu! Wallahi, tamu!" Baba akaja mbio, naye akapewa tunda. Akauma marakuja bichi, yaani pasheni, akapiga kelele kama mtu aliyevua samaki wa kilo ishirini. Mimi nikajaribu. Jamani! Ndimu ilikuwa kama chungwa lililoiva kupita yote niliyowahi kula. Mama alicheza kwa mguu mmoja katikati ya uwanja.

Baba Ishema alicheka. Akatuachia konzi moja ya matunda. "Ntaelezea vizuri siku ingine, ng'ombe wananingoja," alisema, akaenda.

Na hapo ndipo tulipokosea. Mama hakungoja maelezo.

Kesho yake aliita bamama wanne wa jirani. "Leo mutakunywa chai bila sukari, na itashinda ile ya zamani!" Alitia matunda yote ndani ya birika. Akalichemsha sana, kama anavyochemsha majani. Akamimina kwa furaha.

Mama Marthe, jirani yetu wa mlango wa pili, alionja. Akameza kwa shida.

"Mama Jamila, tulikukosea nini?"

Wengine wakaangua kicheko. Mama alionja mwenyewe. Chai ilikuwa kavu, haina utamu hata kidogo. Aibu ilimshika. Kwake, mgeni kutoka na ladha mbaya kinywani ni kama kufukuzwa. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa sukari wa baba, akamimina vijiko, vijiko, vijiko. Akanywa naye, vikombe viwili.

"Baba Ishema ni muongo!" alisema.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kupima tena kituoni. Namba ilikuwa imepanda. Pulchérie alifungua kidonda. Upande mmoja ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

"Mama, nakupa wiki mbili," Pulchérie alisema. "Utakuja hapa kila siku mbili, ntakisafisha mimi mwenyewe. Ikizidi tu kidogo, nakutuma hospitali kubwa. Kule bataangalia kama bakate."

Mama alianza kulia. Wakati ule ule Baba Ishema alikuwa anapita kuleta maziwa kwa wafanyakazi wa kituo. Mama alimwona dirishani.

"We muongo! Ingia hapa! Tunda yako imenipa aibu!"

"Ulifanya nini, mama?"

"Nilipika."

"Ulipika!" Baba Ishema alishika kichwa. "Mama, ile haiko majani ya chai! Moto inaua nguvu yake."

Alivuta kiti, akaketi. Akaeleza polepole, na mimi nikashika kila neno.

"Hili tunda haligeuze chakula. Linageuza ulimi yako, kwa muda tu. Kuna kitu ndani ya nyama yake kinashika ulimi. Kikikutana na chakula chachu, ulimi unasikia utamu. Ndimu inabaki ndimu. Maziwa yanabaki maziwa. Kwa sufuria, tunda halifanye kitu. Kazi yake iko kwa ulimi. Na chai ya kawaida haiko chachu, kwa hiyo haitageuka. Karibu saa moja, nguvu inaisha."

Mama alikuwa ameacha kulia. "Kwa hiyo linadanganya ulimi?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimi yangu imenidanganya miaka makumi tano! Sasa na mi ntaidanganya!"

Pulchérie alicheka kwa mara ya kwanza. "Muzuri. Lakini sikia. Tunda haliko dawa. Haliponyeshe ugonjwa wa sukari."

"Siwezi kuacha vidonge?"

"Hata kimoja! Tunda litakusaidia tu kuacha sukari ya kijiko. Uji na maziwa, kunywa kwa kipimo, sababu viko na sukari yake ndani. Na ndimu, hata ukiisikia tamu, bado iko chachu kwa meno na kwa tumbo. Usile tano sababu tu unasikia asali. Kisha ukimaliza, sukutua kinywa na maji."

"Na batoto musibaache bachume kila tunda jekundu ya pori," Baba Ishema aliongeza. "Ingine ni sumu. Mi naijua hii sababu niliipanda mwenyewe, mbegu nilipewa na agronome, bwana shamba." Akatupa matunda mengine kutoka mfukoni mwake.

Njia ya kurudi, mama hakunyamaza. Alikuwa anawaza kwa sauti. "Chai haiko chachu… chai haiko chachu…" Halafu akasimama katikati ya barabara. "Jamila! Na tukitia ndimu kwa chai?"

Tulikimbia, yaani mimi nilikimbia, yeye alichechemea haraka. Tulichemsha chai, tukaiacha ipoe kidogo. Tukakamulia ndimu nusu. Mama alizungusha tunda kwa ulimi, akatema mbegu, akanywa. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Akakimaliza mpaka tone la mwisho. Kisha akaninyooshea nimwongezee.

Siku hiyo hiyo mama mwenyewe alimpa Mama Marthe mfuko wote wa sukari.

Tangu hapo, mgeni akija kwetu anapewa kwanza sahani ndogo. Juu yake kuna tunda moja jekundu. "Zungusha kwa ulimi! Usimeze! Tema mbegu!" mama anaamuru kama mwalimu wa darasa la kwanza. Baadaye ndipo kikombe cha chai ya ndimu kinakuja. Watu walikuja kutoka mtaa wa juu kuonja tu. Mama Marthe alikunywa, akapiga magoti. "Mama Jamila, nisamehe. Leo hukutukasirikia!" Siku ambazo Baba Ishema hana tunda lililoiva, mama anakunywa chai kavu na kukunja uso, lakini anakunywa.

Vidonge alimeza kila asubuhi, mbele yangu. Kidonda tulikiosha kila siku kwa maji safi na sabuni, tukakifunga kitambaa safi. Kila siku mbili tulirudi kwa Pulchérie. Wiki mbili zilipotimia, aliangalia namba. Ilikuwa imeshuka. Aliangalia mguu. Weusi ulikuwa umetoka, na nyama changa, nyekundu, ilikuwa inaota pembeni.

"Hatuendi hospitali," alisema.

Mwezi wa tatu, Pulchérie alifungua kitambaa kwa mara ya mwisho. Ngozi ilikuwa imefunga. Aligonga chini ya mguu kwa kidole.

"Unasikia?"

"Nasikia! Unanichekesha, acha!"

"Basi simama."

Mama alisimama. Hakuegemea kisigino. Aliweka mguu wote chini, vidole vyote vitano. Halafu akainua mguu wa kushoto, akasimama kwa ule wa kulia peke yake, mikono hewani, mbele ya wagonjwa wote waliokuwa wanangoja. Wagonjwa wakapiga makofi.

Nje, kijana wa pikipiki alitukimbilia. "Mama, panda, nikupeleke!"

"Panda we mwenyewe!" mama alimjibu. "Mi niko na miguu mbili!"

Akaenda mbele, haraka kiasi kwamba mimi, binti yake, nilibaki nyuma nikimwita anisubiri.