Sahani Aliyoikataa Hezekia

Steshenari ya karibu na soko kuu la Singida ilifurika watu, na mashine ya kudurufu ni moja. Emiliana, kwenye gauni la kitenge cha njano lililomkaa hasa, alimkanyaga kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola. Kijana, Hezekia, alicheka tu. Kumbe wote walikuwa wanasomea uzamili, wote wanatafiti wanawake wanaokamua alizeti. Wakabishana kabla ya kujuana majina. Hezekia aliamini ukweli hupimwa kwa mbali, ndiyo maana alitembea na dodoso la kuweka alama za vema. Emiliana aliamini ukweli wa mtu anao mwenyewe, hivyo yeye alikaa jikoni mwa watu na kusikiliza.

"Unapiga umbea kwa kibali cha chuo," Hezekia alimtania.

"Na wewe unasimamia mtihani."

Hapo mapenzi yakaota. Simu asubuhi, simu jioni, na ahadi ya Hezekia kwenda Misigiri kumwona mama yake Emiliana, Mama Magdalena.

Alikwenda kweli, ila kikazi. Kompyuta ilimchagulia kaya ya kuhoji kwa bahati nasibu, bila yeye kujua ni ya nani, mpaka alipomkuta Emiliana uani. Akababaika, akamsalimu kama asiyemfahamu. Mama Magdalena alijibu maswali yote, kisha akamwandalia kuku wa kienyeji. Hezekia akakataa, eti mtafiti hali kwa anayemhoji, majibu yatapotoka. Jamani, kuku ameshachinjwa! Mama akaifunika sahani. Emiliana alilia, akiamini mwanamume huyu anaona aibu kwao, na simu zake akaacha kupokea.

Wiki zikapita. Siku moja moyo ukamshinda, akapokea.

"Nilidhani nikikaa mbali ndiyo nitaona vizuri," Hezekia alisema. "Nimekaa mbali nawe, sioni kitu. Nakupenda, Emi. Na mama nilimkosea."

"Na utafiti wako?"

"Dodoso linabaki, ila nimeongeza sehemu ya kukaa na watu na kuwasikiliza. Mama nimemtoa kwenye orodha, msimamizi amekubali."

"Mimi ningemwacha humo, nikaandika wazi kwamba ni mama yangu."

"Mkwe hahojiwi, mpenzi."

Emiliana akacheka huku machozi yanamtoka.

Jumapili Hezekia alifika Misigiri na baba yake mdogo. Baada ya shikamoo, Mama Magdalena alimwekea ugali na kuku, akamuuliza kama leo majibu hayatapotoka. Hezekia akanawa, akala kwa bidii. Baba mdogo alipoanza kueleza kilichowaleta, mama akamzuia kwa mkono.

"Mwache amalize kula kwanza. Jibu ninalo."