Filimbi Isiyokauka

Kazi yangu ni vinywa vya watu. Natengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Kwa miaka kumi na mmoja nimeshika nta zilizoumwa na wazee, walevi, wagonjwa, na watu ambao habari za mswaki wanazisikia kwa jirani. Mate hayakuwahi kunitia kinyaa. Chakula cha mchana nilikuwa nakila pale pale mezani, taya za plasta zikinitazama.

Nakueleza haya ili unielewe nikikuambia kwamba siku hizi hata mate yangu mwenyewe nayameza kwa shida.

Binti yangu tunamwita Chiriku. Ana miaka sita na mdomo wake hauna breki. Kwa nini paka jike ana masharubu? Samaki akilia, nani anaona machozi? Mwalimu wake wa muziki aliniita akaniambia mtoto ana sikio zuri, tumtafutie ala yake ya kwanza. "Usimchagulie wewe, mama," alisema. "Mpeleke dukani, aguse, ajaribu. Atakayoing'ang'ania ndiyo yake."

Baba yake alikuwa na sharti moja tu. "Ngoma hapana. Tunakaa ghorofa ya tatu, majirani watatuhamisha sisi na ngoma yetu."

Basi jioni moja nilitoka kazini, nikampitia Chiriku shuleni, tukaenda kwenye duka la ala lililo nyuma ya maduka ya vitambaa. Kigiza kilikuwa kimeanza kuingia. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba, msafi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alitukaribisha vizuri, akampangia mtoto vitu mezani.

Gitaa dogo: vidole havikufika. Kinanda cha umeme: Chiriku alikibonyeza mara mbili, akasema, "Hiki kinajipiga chenyewe, mimi nitafanya nini?" Mzee akacheka. Halafu akainama, akamwekea kiganja mbele ya mdomo.

"Hebu nipulizie hapa, mjukuu wangu."

Chiriku akapuliza. Mzee akafumba mkono taratibu, kama mtu aliyekamata nzi. Akaupeleka puani.

Akanusa.

Ukiniuliza leo, nitakwambia ningeondoka pale pale. Lakini nililelewa kuheshimu wakubwa, na mtu aliyelelewa hivyo huona aibu kabla ya kuona hatari. Nikabaki nimesimama, natabasamu kijinga.

Mzee akaingia nyuma ya pazia. Akarudi na glasi ya maji, na ndani yake imesimama filimbi ndogo ya mbao nyeusi.

"Hii ikikauka inapasuka," alisema. "Ndiyo maana naiweka majini."

Maji yalikuwa na ukungu. Harufu ikanifikia, na niliijua. Ni harufu ya meno ya bandia yaliyolaliwa wiki nzima bila kuoshwa.

"Ngoja kwanza tuioshe..." nilianza.

Chiriku alikuwa ameshaitia mdomoni.

Akapiga. Si vile watoto wanavyopiga, fii fii fii. Alipiga wimbo. Mrefu, wa polepole, wa kubembeleza mtu alale. Mwili ulinisisimka, na nakiri kwamba nusu yake ilikuwa furaha. Mzazi gani hafurahi?

Tulipokuwa mlangoni, mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "Usiipulize wewe. Ni ya mtoto tu."

Nyumbani niliiosha kwa sabuni, nikaichovya kwenye maji ya moto yenye chumvi, nikaianika dirishani. Kesho yake jua lilikuwa kali la kupasua mawe. Niliporudi jioni, filimbi ilikuwa inadondosha.

Hayakuwa maji. Yalikuwa mazito, yananyumbuka kama ute wa yai. Niliyafuta kwa kitambaa, kitambaa kikabaki kimenata mkononi. Nikatia kijiti cha kusafishia ndani ya tundu. Kikatoka na unywele mweupe, mrefu, na kipande cha kitu laini chenye rangi ya kijivu.

Chakula. Kilichotafunwa, kikatemwa.

"Chiriku, umekula huku unapiga filimbi?"

Akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi mtoto hakuwa ameuliza swali hata moja.

Niliiosha tena, nikajiambia ni uchafu uliobaki wa dukani, nikamrudishia. Ndani ya wiki mbili ukimya ukajaa nyumba. Alipiga wimbo ule ule kila akitoka shule, bila kukatisha, bila kuvuta pumzi. Kupanda ngazi, alikuwa anakaa kila ghorofa, kifua kinamwenda kama mvukuto. Daktari alimpima mapafu mara mbili, akasema ni mazima kabisa. Baba yake akasema ni uchovu wa mwisho wa muhula. Mimi nikaficha filimbi.

Niliifungia kabatini, na kabla ya kuifungia nikaiziba mdomo kwa nta laini, ile ninayotumia kazini kuchukua alama ya meno ya mgonjwa. Nilijiambia hata akiipata, haitalia. Tukatoka wote watatu: yeye shule, sisi kazini. Ufunguo nilikuwa nao kwenye pochi.

Jioni nilifungua kabati.

Nta ilikuwa imeumwa.

Nilikaa chini sakafuni, nikaigeuza chini ya taa. Meno ya mwanangu nayajua yote, hata lile lililoanza kutikisika. Hapa hapakuwa na alama ya jino. Kulikuwa na mikunjo miwili laini, mipana, upande wa kushoto imebonyea kama imeliwa. Nimeona alama kama hizo mara elfu.

Fizi tupu. Za mtu mzima, mzee sana, asiye na hata jino moja.

Na nta ilikuwa bado ya uvuguvugu.

Nilitapika kwenye beseni la nguo. Kisha nikaitia filimbi kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo, nikamwambia mume wangu abaki na mtoto. Akampakata mara moja. Nadhani uso wangu ulitosha.

Duka lilikuwa wazi, taa haijawashwa. Mzee hakuwepo mbele. Nyuma ya pazia nilisikia mtoto anaongea.

"Kwa nini mwezi unatufuata sisi tu? Kwa nini sisimizi hawana kitanda? Mama... kwa nini?"

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Chiriku niliyemwacha nyumbani.

Nikavuta pazia.

Palikuwa na kitanda, na kitandani bibi kizee, mdogo kama furushi la nguo. Macho yamefumbwa. Mzee alikuwa amekaa pembeni na kijiko na bakuli la uji, anamfuta kidevu. Mdomo wa bibi ulikuwa wazi, mwekundu, umelowa, mate yanashuka kwa nyuzi mpaka kwenye mto. Na kutoka mdomoni humo, bila midomo kusogea, sauti ya mwanangu ilikuwa inauliza maswali.

Niliziona fizi zake. Upande wa kushoto zimebonyea.

"Nilikwambia ni ya mtoto tu," mzee alinong'ona. Hakukasirika. Alikuwa na haya, kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu. Pumzi zake ziliisha zamani." Akachota kijiko kingine. "Kila mtoto anatoa kidogo tu. Watoto wana pumzi nyingi, mwanangu. Wanazimwaga bure, wanakimbia, wanapiga kelele... Wewe angekuwa mama yako, ungemwacha?"

Najua ningepaswa kumhurumia. Sikumhurumia. Nilichokiona ni ule uji ulioingia ukarudi, na kijiko kinaukusanya kidevuni, kinaurudisha tena. Nikakumbuka kile kipande cha kijivu. Nikakumbuka ni mdomo wa nani uliokigusa baada ya hapo.

Nikatoa filimbi mfukoni.

"Usivunje," alisema. "Tafadhali, mwanangu. Usi..."

Niliipiga kwenye ukingo wa mlango. Mara ya kwanza haikuvunjika. Mara ya pili ilipasuka kwa urefu, na yaliyomo yakamwagika. Mengi... mengi kuliko yanavyoweza kukaa kwenye kibomba kile. Yalinimiminikia mikononi, viwikoni, miguuni, ya moto, yananuka uozo wa kinywa. Na baada yake ikatoka pumzi moja ndefu, ikanipita usoni kama mtu anayepiga miayo karibu yako.

Bibi akanyamaza.

Mzee aliangusha kijiko, akamlalia mama yake kifuani, akasikiliza. Nikafikiri, nimeua mtu.

Kisha mdomo ule ukafunguka tena.

"Mama, njoo uthikie," ukasema. "Nimejua kupiga."

Haikuwa sauti ya mwanangu. Ilikuwa ya mtoto mwingine, mwenye kitembe.

Mzee akafumba macho, akashukuru.

Nilikimbia mpaka nyumbani huku mikono nimeitanua mbali na mwili. Nilimkuta Chiriku jikoni anamuuliza baba yake kwa nini maji hayana mifupa. Nililia pale mlangoni. Sikumkumbatia mpaka nilipooga mara tatu.

Asubuhi nilimweleza mwalimu wa muziki yote. Hakucheka. Alisema kuna wanafunzi wengine waliokwenda duka lile, na mmoja wao ana kitembe. Tulipita dukani kwanza: mlango umefungwa kwa kufuli, ndani patupu, hata pazia hakuna. Tukaenda nyumbani kwa yule mtoto.

Mama yake alitupokea kwa furaha. Alifikiri mwalimu amekuja kumpongeza. Nilipoanza kumweleza, tabasamu likamtoka taratibu.

"Wenzetu mna wivu wa ajabu," alisema. "Mwanangu darasani alikuwa anachekwa akifungua mdomo. Leo watu wanasimama barabarani kumsikiliza. Nimnyang'anye?"

"Dada," nikamwambia, "muulize tu chochote. Msikie anavyojibu."

"Hana haja ya kujibu. Sikilizeni wenyewe."

Mtoto alikuwa amekaa sebuleni, kwenye kigoda, mgongo umepinda, filimbi nyeusi mdomoni. Alikuwa anapiga wimbo ule mrefu. Macho yake yalitutazama mimi na mwalimu, na hayakupepesa. Nilingoja avute pumzi. Nikangoja, nikaendelea kungoja... hakuvuta.

Chini ya kigoda sakafu ilikuwa inang'aa. Mama yake akachukua tambara, akapiga magoti, akaanza kudeki, na alipoona namtazama akacheka kidogo.

"Mate ya watoto," alisema. "Hayaishi haya, utafanyaje?"

Akalikamulia lile tambara kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa imejaa.