Tangazo la Siku Ishirini na Moja

Kiti cha wageni kilikuwa kimelowa. Kiangazi kilikuwa kimekausha hata mabomba, na mfagiaji aliapa kwamba hakugusa tone la maji tangu asubuhi. Lakini karani wa vibali alipokibonyeza kile kiti, yalitoka maji meusi yanayonuka tope. Alikigeuzia ukutani akaendelea na kazi. Mwenye la kuficha haulizi maswali mengi.

Alilolificha lilikuwa nyumba yake mwenyewe. Sheria ya mji ilikataza kujenga ndani ya hatua sitini kutoka kinamasini, maana ndipo maji ya mji mzima yanapojichuja. Anayetaka kupunguziwa hatua hubandika tangazo kiwanjani kwa siku ishirini na moja, na asipotokea mwenye pingamizi hupewa kibali. Karani alilibandika la kwake, akalipiga picha ya kuweka kwenye faili, kisha akalibandua kabla gundi haijakauka. Siku zilipotimia, akajigongea mhuri, akajenga. Mkewe, aliyechoka na nyumba za kupanga kwa miaka ishirini, aliingia humo akicheza.

"Bwana Mhuri!" alimwita, jina la utani tangu siku za uchumba. "Leo umeniweza!"

Saa kumi alasiri, siku ile ile ya kiti, mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza yake, pindo la nguo likidondosha maji. Hakupepesa macho hata mara moja.

"Nimeleta pingamizi, karani."

"La kiwanja gani, mama?"

"Chako. Mimi ndiye jirani. Nakaa kwenye matete na wanangu."

Karani alijua hakuna binadamu anayekaa kwenye yale matete. Alitaka kuogopa, lakini kilichomjia ni ganzi, ikianzia vidoleni. Mdomo ukasema ulichozoea kusema.

"Muda umepita, mama. Siku zilikuwa ishirini na moja."

"Tangazo sikuliona."

"Lilibandikwa. Aliyenyamaza amekubali. Ndiyo sheria."

"Kwako na kwangu?"

"Kwa wote."

"Haya," alisema taratibu, kama mtu aliyepata alichofuata. "Nimesikia."

Karani alipomuuliza mlinzi wa mlangoni, mlinzi alicheka. "Mwanamke gani, bosi? Tangu saa nane hajaingia mtu."

Nyumbani hakusema kitu. Alimpenda mkewe, na hakutaka kumharibia raha. Wiki ya kwanza mkewe alilalamika kwamba miguu yake haikauki hata akiifuta. Wiki ya pili aliacha kulalamika, akaacha na utani, akawa anakula amesimama dirishani akitazama matete. Wiki ya tatu nyumba nzima ilinuka tope, mashuka yalilowa mchana kweupe, vyura wakanyamaza kila mkewe alipopita uani, na karani akawa anaona yote hayo, anayahesabu, anajiambia kesho nitamtafuta mganga, kesho nitasema, na kesho ikifika ile ganzi imeshapanda hadi mabegani naye anavaa viatu anakwenda kazini.

Siku moja mchana alisogeza kabati la chumbani ili atafute mahali unyevu unapotokea. Nyuma yake palikuwa na tangazo, karatasi ya ofisini kwake, limebandikwa kwa tope. Alilisoma polepole.

*Maombi ya kuhamia. Mwombaji: jirani wa kinamasini. Mahali: mke wa nyumba hii. Mwenye pingamizi afike ndani ya siku ishirini na moja.*

Alihesabu kutoka tarehe iliyoandikwa chini, ile siku ya kiti, kwa vidole asivyovihisi. Siku zilikuwa zimekwisha jana.

"Unatafuta nini, karani?"

Mkewe alikuwa mlangoni, pindo lake likidondosha maji. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwita karani.

"Nina pingamizi," alinong'ona. "Tafadhali. Hili sikuliona."

"Lilibandikwa," alijibu, bila kupepesa.

Hapo ndipo kutoka nje, mbali kwenye matete, ilipokuja sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe, sauti ya mtu aliyepotea anayejaribu kufanya utani ili asilie.

"Bwana Mhuri! Bwana Mhuri, uko wapi?"

Karani alifungua mdomo aitike. Ganzi ilikuwa imefika kwenye ulimi.

Yule wa mlangoni alingoja kidogo, akisikiliza kimya chake, kisha akafunga dirisha.