Miezi Kumi Ugenini

Kwa siku ya tatu mfululizo, Karani aliamka mapema, akafagia chumba walichopewa na mjomba wake, akajaza chai kwenye chupa na kutia daftari lake mfukoni. Kisha yeye na mama yake wakashika njia ya bohari ya forodha, mjomba akiwafuata nyuma huku akipiga miayo.

Karani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa watu wazima wote wa ukoo. Barua, orodha, fomu, vyote alitupiwa yeye. Jina likamganda.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Miezi kumi iliyopita alifunga kibanda chake, akafungasha vyombo, wakahamia nchi nyingine alikopata kazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda hakikumaliza hata mwaka, kikafungwa. Wakarudi. Sasa vyombo vyao vilikuwa vimelala boharini: vitanda viwili, kabati, cherehani cheusi cha miguu, na mashine mpya ya ovaloki, ya kuziba kingo za nguo, aliyoinunua kule. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amemwahidi mama kazi ya kushona sare, mradi awe na cherehani ifikapo Jumatatu. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Ukutani mwa bohari palibandikwa tangazo: aliyeishi nje mwaka mzima au zaidi huhesabiwa mkazi wa huko, na akirejea, vyombo vyake havitozwi ushuru.

Mama alipokwenda kushika foleni, mjomba aliinama sikioni mwa Karani.

"Hapo kwenye muda wa kukaa, andika miezi kumi na minne."

"Mjomba, si tulikaa kumi?"

"Kumi, kumi na minne, kuna ugomvi gani hapo? Au unataka mama yako akashone sare kwa kucha?"

Karani aliitazama kalamu. Akamtazama mama yake, viatu vimeliwa visigino, amesimama wima kwenye foleni kama mtu anayesubiri zawadi. Akaandika kumi na minne. Mama aliipokea fomu na kutia sahihi bila kusoma, kama alivyofanya siku zote kwa maandishi ya binti yake.

Afisa wa forodha alikuwa mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi. Aliivaa, akasoma kwa sauti.

"Fundi, mlikaa huko miezi kumi na minne?"

Mama aligeuka polepole. Mjomba akapatwa na kikohozi. Karani akainamisha kichwa, masikio yanawaka moto. Palihitajika neno moja tu, "ndiyo", na foleni nzima ilikuwa imetega masikio.

"Hapana, dada," mama akasema. "Ni kumi. Kazi ilinishinda huko, nikarudi. Naomba ufute hapo."

Alisema hivyo bila kushusha sauti. Karani hakuwahi kumwona mama yake akiwa mrefu namna ile.

"Ni mimi niliyeandika, afisa," akajitokeza. "Mama hakujua. Nisamehe."

"Basi tumekwisha," mjomba akaguna.

"Nani kakwambia?" afisa akamkata. "Kama ni kumi, fundi hakuacha kuwa mkazi wa hapa hata siku moja. Na mkazi hatozwi ushuru kwa kitu alichotoka nacho mwenyewe. Nionyesheni tu kwamba mlitoka nacho."

Mama alishika kichwa. Siku ile ya kuondoka, fomu za kuorodhesha vyombo zilikuwa zimeisha mpakani.

"Lakini muhuri waligonga, mama!" Karani akasema, akilichomoa daftari. "Waligonga humu!"

Alifungua ukurasa wa nyuma, alikoorodhesha vyombo siku ile. Kila kitu kilikuwapo, kabati lenye kioo kilichopasuka, vitanda, cherehani cheusi na namba iliyochongwa chini yake, hata alama ya pasi iliyounguza meza ya cherehani hicho. Chini, muhuri wa mpakani na tarehe. Afisa aliongozana nao boharini, akapiga magoti, akaisoma namba. Ilikuwa ileile.

"Na hii ovaloki?"

Chini ya orodha, juu kidogo ya muhuri, palibaki mstari mmoja mtupu. Mjomba aliuona, akamkonyeza Karani. Karani akaifunika kalamu kifuniko chake na kuirudisha mfukoni.

"Hiyo tuliinunua kule, afisa. Haimo."

"Hiyo mtailipia ushuru, basi. Itawasubiri hapa."

Afisa akaandika fomu mpya. Kabla ya kugonga muhuri, alimwonyesha Karani pasi ya kusafiria ya mama yake. "Tarehe zote zimo humu, binti. Ningezifikia tu. Mngeng'ang'ania kumi na minne, vyombo vyote vingebaki kwangu."

Jumatatu cherehani cheusi kilikuwa kinalia kibandani. Kingo za sare, ambazo ovaloki ingezimaliza mara moja, mama alizizungushia uzi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Wateja walipomuuliza mbona amerudi upesi, alijibu bila kuondoa macho kwenye sindano: "Nilijaribu, ikanishinda, nimerudi. Lete suruali yako."

Mwezi ulipokwisha, walikwenda kulipa ushuru na kuichukua ovaloki. Njiani mama alimshika Karani begani.

"Mwanangu, kushindwa kwangu naweza kumsimulia mtu yeyote nikimtazama usoni. Lakini ile miezi minne ambayo hatukuiishi, tungeibeba maisha yetu yote, tukiogopa kila anayeuliza. Ukweli ukiusema mara moja, unaupumzisha."

Boharini Karani alijaza fomu polepole, akaisoma mara mbili, akampa mama yake.

Mama alitia sahihi bila kusoma.