Skrini Iliyokataa Kupona

Mwaka ule wa tisini na tatu, mbele ya posta kuu ya Lubumbashi, watu walikuwa wanauza kila kilichokuwa ndani ya nyumba zao: viti, masufuria, hata milango. Hortense Chomba alipita katikati yao na gauni lake la njano, mgongoni amefunga skrini ya kompyuta kwa kitenge, jasho linamtiririka.

"Mademoiselle," sauti ikasema nyuma yake, "huyu mutoto iko na kichwa kikubwa. Baba yake ni nani?"

Aligeuka na tusi tayari mdomoni. Akamkuta kijana mwembamba, shati jeupe, kola imepigwa pasi ikasimama wima, katika mji ambao hata sabuni ilikuwa shida. Tusi likamwishia hapo hapo.

"Baba hana," akajibu. "Na yeye mwenyewe alikufa leo asubuhi."

"Basi umurudishe ku nyumba. Bantu ba vile, miye njo nabafufuaka."

Ndivyo kijana huyo, fundi Mbuyi, alivyofika kesho yake nyumbani kwa Hortense, mtaa wa Makomeno. Ofisi alimokuwa akipiga chapa Hortense ilikuwa imefungwa, wafanyakazi wakagawana mashine, na ile kompyuta ndiyo iliyokuwa inamlisha yeye na mama yake, kwa kuwaandikia watu barua.

"Uliichomoa toka jana?" Mbuyi aliuliza. "Muzuri. Siku ile ile haufungue. Moto ya umeme inabakiaka mu tube ya kioo. Unaacha ilale kwanza."

Alifanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine ameuficha mfuko wa nyuma, ndiyo desturi ya mafundi wanaopenda kuishi. Hortense alisimama mbele ya skrini na kioo cha kujitazamia, ili fundi, akiwa nyuma, aone kama taa inawaka.

"Inua kioo, chérie. Ukishusha, naona weye tu."

"Angalia kazi yako, monsieur."

"Njo naangalia."

Ubaya ulikuwa mguu mmoja wa kipuri, risasi ya kulehemu iliyoushika imepasuka. Akaiyeyusha upya, skrini ikawaka kijani. Mama akapiga makofi. Hortense alifurahi nusu, na ile nusu nyingine ikamshangaza mwenyewe.

Baada ya wiki, skrini ikafa tena. Mbuyi akaja, wakacheka, wakanywa chai hadi majani yakaisha rangi. Wiki iliyofuata ikafa mara ya tatu.

Usimcheke Hortense, msomaji. Alikuwa akiichomoa, anaiacha ilale siku moja kama alivyofundishwa, kisha anafungua mgongo wake na kuunyanyua ule mguu kwa kisu cha jikoni. Alimpenda, basi. Na mji nao ulikuwa umegeuka. Redioni na barabarani walisema Katanga ina wenyewe, Wakasai warudi mkoani kwao. Mbuyi alizaliwa hapa hapa, Kasai hajaiona hata siku moja, lakini jina lake lilitosha.

Mara ile ya tatu aliingia na nyusi imepasuka, damu kwenye ile kola.

"Banatupa mawe pale ku kona," alisema, kama mtu anayesimulia mvua. "Lete kioo, tuanze."

Hortense hakuleta.

"Ni miye," akasema. "Écran, ni miye naiharibuka. Na kisu. Nilitaka ukuye, nikuone."

"Najua."

"Toka lini?"

"Mara ya pili. Risasi yangu haipasukake vile."

"Na ukakuya tu?"

Mbuyi aliangalia chini. "Treni ya Jumatatu, ile ya kupeleka Bakasai, maman alipanda yeye peke yake. Nilimwambia niko na kazi sijamaliza."

Hortense akakaa. Mama mzee, peke yake, ndani ya behewa la kubebea mawe ya shaba, kwa sababu ya kisu cha jikoni. Aliona aibu ambayo mpaka leo, na wajukuu wamemzunguka, ikimjia anaacha kula.

Kisha akainuka. Akachomeka chuma cha Mbuyi cha kuyeyushia risasi, akaficha mkono wa kushoto nyuma, akauunga ule mguu mwenyewe. Risasi ikayeyuka, ikashika. Skrini ikawaka.

"Iko muzima," akasema. "Sasa hauna kazi tena huku. Panda treni ya Alhamisi, fuata mama yako."

"Nitarudi kukuoa, Hortense."

"Usirudi. Huku banakukatala. Ni miye nitakuya."

Alhamisi alimsindikiza stesheni, hakulia hata kidogo. Majirani walisema ni maneno tu, binti gani wa Katanga ataenda Kasai siku hizi? Kiangazi kilipoingia, alifunga sanduku moja, akamuaga mama yake, akapanda. Alikaa njiani siku kumi na mbili.

Huko Kasai, mjini Mwene-Ditu, mama yake Mbuyi alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba ya udongo. Tangu ateremke kwenye lile behewa alikuwa ameapa kwamba mdomo wake hautasema Kiswahili tena. Hata na mwanawe, Tshiluba tu, lugha ya kwao. Alimtazama msichana aliyesimama na sanduku, vumbi hadi kwenye kope. Alimtazama sana.

Halafu akasogea, akaacha nafasi kwenye mkeka.

"Ikala, mwana," akasema kwa Kiswahili. "Unachoka."