Picha ya Mstari wa Saba

Mstari wa saba ulikuwa umefumba macho.

Fundi wa programu alidhani ni mwanga wa dirishani, akasogeza kiti, akaangalia tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na ofisi ya mochwari ilikuwa na kelele zake za kila siku: feni mbovu, birika la chai, na mhudumu, mama wa makamo aliyezoea kutaniana na maiti kuliko na walio hai.

"Si nilikwambia kwenye simu?" alisema mhudumu. "Jana alikuwa macho. Leo amelala."

Programu ile aliiandika fundi mwenyewe. Kila maiti aliyeingia alipata mstari wake kwenye jedwali la skrini: namba ya droo, jina, tarehe, na picha pembeni. Jedwali aliliunganisha moja kwa moja na kanzidata, ghala la kumbukumbu zote, hivi kwamba kinachoonekana huku ndicho kinachohifadhiwa kule. Kasoro ilikuwa moja tu. Akitokea maiti asiye na picha, programu nzima ilizimika. Siku ya majaribio fundi alikuwa mbio mbio, akachukua picha iliyokuwa karibu, ya binti yake wa miaka sita, ile aliyopigwa shuleni, akaiamuru programu: asiye na picha, apewe hii. Alikusudia kuitoa kabla ya kukabidhi kazi. Mafundi wote husema hivyo. Akasahau.

Basi kwa wiki tatu nzima, walioletwa bila jina wala ndugu walikuwa wameandikishwa kwa uso wa mtoto anayecheka, pengo mbele.

"Aibu gani hii," fundi alisema. "Samahani, mama. Naitoa sasa hivi."

Lakini mkono ulisita. Picha ilikuwa faili moja. Mstari wa pili, wa tano, wa saba, yote ilichota hapo hapo. Haiwezekani mmoja ufumbe macho na mingine ibaki inamtazama. Akafungua faili lenyewe: macho wazi, kicheko kipo. Akarudi kwenye jedwali. Mstari wa saba sasa haukuwa hata na kicheko.

"Droo namba saba yuko nani?"

Mhudumu hakutania. "Hakuna mtu. Droo hiyo haitumiki. Niliikuta haitumiki."

"Na mstari huu nani kauingiza?"

"Nilidhani wewe."

Fundi akaufuta. Ukapotea. Kisha ukarudi pale pale, na nyuma ya ukuta wakasikia droo ikivutwa polepole kwenye reli zake, krrrr, ikasimama.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, ananong'ona.

"Baba Chiriku, njoo nyumbani."

Binti yao walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi, na hakutua mpaka usingizi umkamate. Mara kumi kwa siku baba yake, akiwa kwenye kompyuta, alimwambia, "Punguza, mwanangu, nafanya kazi."

"Hasemi," mkewe aliendelea. "Tangu jana jioni. Nikadhani kanuna tu. Sasa kafumba macho, hafumbui, mwili baridi, na ananuka dawa, sijui kaipata wapi."

Fundi aliijua dawa ile, ya kuhifadhia maiti, kabla hajavuka kizingiti cha chumba cha mtoto, kwa kuwa alikuwa ameivuta asubuhi nzima, na pale kitandani, katika chumba chenye jua tele na midoli imetapakaa sakafuni, Chiriku alikuwa amelala chali, amenyooka, mikono ubavuni, jinsi asivyolala mtoto yeyote, na alipomwinamia akaona midomo inacheza, akatega sikio, akasikia sauti nyembamba ikimwambia:

"Baba, kuna mtu hana uso. Anasema wewe umempa wangu."

Alirudi mochwari anakimbia. Mhudumu alikuwa amesimama mlangoni, hataki kukaa peke yake na skrini.

"Wafu nawajua," alinong'ona. "Hawana neno na mtu. Huyu si mfu. Ni jini, nalo lilikuwepo kabla ya jengo hili. Halina sura, kwa hiyo halina pa kwenda. Sisi tunaofanya kazi hapa, la droo saba hatuliandiki wala hatuliulizi. Wewe ukaja ukaandika amri: asiye na picha, apewe. Basi limekuja kupokea."

"Litamwachia?"

"Haliachi bure, mwanangu."

Fundi aliketi. Aliiondoa ile amri, kisha akafuta picha mstari mmoja baada ya mwingine, na mistari yote ikatii, ikawa viboksi vyeupe, isipokuwa wa saba, ambao kila alipoufuta ulirudi na uso wa mtoto ukiwa umefifia zaidi, mashavu yameingia rangi ya kijivu, midomo imekauka, huku nyuma ya ukuta droo ikizidi kuvutwa kidogo kidogo na harufu ya dawa ikijaa ofisini hata macho yakamtoka machozi, na alihisi hofu ambayo hakuwahi kuihisi maishani, si hofu ya jini, hofu ya kurudi nyumbani akakuta midomo ile haichezi tena.

Akainua simu, akajipiga picha ya uso wake mwenyewe. Akaihamishia kwenye kompyuta. Akachagua mstari wa saba.

"Usifanye hivyo," mhudumu alinong'ona. Lakini hakumshika mkono. Naye alikuwa na watoto.

Fundi akabonyeza "Hifadhi".

Kompyuta ikafikiri kidogo. Kisha uso wa Chiriku ukaondoka, ukaja wake, una jasho, macho wazi. Nyuma ya ukuta droo ikafungwa.

Nusu saa baadaye alikuwa nyumbani, amempakata Chiriku, ambaye alikuwa na joto lake na maneno yake yote, anasimulia habari za mwalimu aliyekalia chaki. Mkewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Fundi alicheka naye. Alikuwa amenawa mikono mara mbili, na bado ilinuka dawa.

Simu ikalia. Mhudumu, kwa sauti ya chini.

"Fundi, uko macho?"

"Niko macho, mama. Kwani vipi?"

"Usilale. Picha yako imeanza kusinzia."

Nje jua lilikuwa bado liko juu. Kope zake zilikuwa nzito. Chiriku alikuwa amekatisha hadithi katikati, maana aliijua amri inayofuata simu ya kazi ikilia.

"Ninyamaze, Baba?"

"Hapana," alisema, akamkumbatia kwa nguvu zote alizobaki nazo. "Ongea, mwanangu. Ongea tu, usinyamaze."

Chiriku akaanza upya, toka mwanzo.