Jeki ya Mzee Fabien

Mzee Fabien alikuwa akiongea na trekta lake. Msimcheke. Katika nyumba ile ya Nchelenge hakuwa na mwingine wa kuongea naye tangu mkewe, Delphine, alipofariki mwaka 1974.

Wawili hao walivuka ziwa kutoka Kilwa, mji wa ng'ambo, wakiwa vijana. Waliuza samaki mpaka wakanunua trekta kuukuu na trela, wakaanza kubeba mchanga wa wajenzi. Walipakua kwa koleo, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakigombana mpaka trela iwe tupu. Sasa Fabien angetoa chochote ili agombezwe tena.

Bega lake lilikuwa bovu. Kupakua peke yake kulimaliza siku nzima. Msimamizi wa ujenzi wa zahanati alimwambia wazi: mchanga ukiendelea kuja kidogo hivi, kazi atapewa mwingine. Bila kazi, Fabien angelazimika kwenda mbali, Kitwe, kwa mwanawe. Mwanawe alikuwa mwema. Lakini kaburi la Delphine lilikuwa Nchelenge, na Fabien hakutaka kuliacha peke yake.

Basi alinunua jeki ya mafuta iliyotolewa kwenye lori bovu, akaiunga na pampu ya trekta. Bodi ya trela, sanduku la kubebea mchanga, ilishikwa na bawaba upande wa nyuma. Jeki ikafungwa mbele kabisa, iinue bodi ili mchanga uteremke wenyewe. Fabien alifungua mafuta. Bodi ilipanda kidogo, ikasimama. Mchanga haukusogea.

"Delphine, unaona?" alisema. Akaingia ndani, akajifungia.

Jirani yake Bwembya alikuwa fundi wa matrekta ya halmashauri. Aliona kimya kimezidi, akaja kubisha mpaka Fabien akafungua, akamsalimu.

"Mwapoleni, ba Fabien. Trekta inanyamaza juu ya nini? Munagonjwa?"

"Hapana. Jeki iko mufupi, ba Bwembya. Nitaenda tu Kitwe kwa mutoto."

"Na juu ya nini hamukuniita?"

Fabien aliangalia chini. "Nilisahau namna ya kuita mutu."

Bwembya alishika mlango uliokuwa wazi mbele yao.

"Musukume huu mulango kwa mwisho, mbali na bawaba. Munaona? Mukono unatembea mbali. Sasa musukume karibu na bawaba."

Fabien alisukuma. "Mukono unatembea kidogo tu. Lakini inaomba nguvu!"

"Ndiyo, njo vile. Jeki yenu muliiweka kwa mwisho wa mulango. Tuisogeze karibu na bawaba, lakini hapana sana, itashindwa muzigo. Tutafute fasi ya katikati."

Kwanza walipima jeki kutoka pini hadi pini, zile zinazoshika ncha zake mbili. Ikiwa imefungwa, ilikuwa mita moja. Ikifunguka yote, mita moja na nusu.

"Tofauti njo mwendo wake," alisema Bwembya. "Nusu mita. Haiwezi kupita pale."

Wakaenda ufukweni. Hapo mchangani walichora ubavu wa trela kwa ukubwa wake wenyewe. Ubao ulikuwa bodi. Kijiti kwenye mwisho wake kilikuwa bawaba. Kijiti kingine, chini ya ubao, kilikuwa pini ya fremu ya trela, na msumari kwenye ubao ulikuwa pini ya bodi. Kati ya kijiti hicho na msumari walivuta uzi wa nyavu. Uzi ndio ulikuwa jeki.

Ubao ukiwa umelala, Bwembya alifunga fundo kwenye uzi, pale ulipofika msumari. Kisha akauzungusha ubao mpaka ukakaa kama bodi inayomwaga. Uzi ukavutwa tena, akafunga fundo la pili. Fabien akapima kati ya mafundo.

"Inapita nusu mita! Jeki haifike."

"Basi tusogeze pini zote mbili."

Walisogeza, wakafunga, wakafungua, wakabishana. Mwishowe, ubao ulipolala, uzi ulikuwa mita moja na sentimita tatu. Ulipoinuka, mita moja na sentimita arobaini na nane.

"Hapa," alisema Bwembya. "Jeki inaingia ikifungwa, na haifike mwisho ikifunguka. Inapumua pande mbili. Lakini muweke pini za nguvu, na mara ya kwanza mupakie nusu."

Jeki ilihamishwa. Pale zahanati, Fabien alifungua mafuta. Bodi ilipanda, ikapanda tena, na mchanga ukashuka wote kwa mara moja. Wajenzi walipiga makofi. Kufikia adhuhuri alikuwa ameleta trela tatu, na msimamizi akamwambia kazi ni yake mpaka jengo liishe.

Fabien alifurahi. Kisha machozi yakamtoka, kwa sababu chuma kilikuwa kimechukua upande aliopakua Delphine.

Alipita makaburini, akazima injini.

"Siendi Kitwe," alisema.

Akakaa naye mpaka jioni. Sasa alikuwa na muda.